Somo la Ufundi: Pima Kazi Kwanza, Ndipo Ununue Vaisi



Katika somo hili tutaongea juu ya chombo kimoja tu, nacho ni vaisi. Vitabu vinaiita jiliwa, lakini ukienda dukani uulize jiliwa, huenda mtu wa duka akakuangalia tu. Kwa hivyo tutasema vaisi, kama mafundi wetu wanavyosema. Ni kile chombo cha chuma kinachofungwa juu ya meza ya kazi, chenye taya mbili na mkono wa kuzungusha. Kazi yake ni kubana kitu kisitikisike wakati unapokikata, unapokipiga tupa au unapokitoboa.

Kikundi kikitaka kuanza karakana ndogo ya kurekebisha majembe, baisikeli na wilbaro, vaisi ndiyo huwa chombo cha bei kubwa kati ya vyombo vya mkono. Nyundo ikikataa, mtanunua nyingine mwezi ujao. Lakini pesa za vaisi ni michango ya wanachama ya miezi mingi, na mkikosea kuchagua, si rahisi kuirudisha dukani. Ndiyo maana tunawaomba msome somo hili pamoja kabla mweka hazina hajafungua sanduku.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze kujua ni vaisi ya inchi ngapi inayokifaa, kuikagua kabla ya kulipa, na kuifunga mahali panapostahili.

MFANO WA VIKUNDI VIWILI

Tuseme kuna vikundi viwili, kila kimoja na vijana wake wa karakana.

Kikundi cha kwanza kilisema, "Sisi ni maskini, tutanunua ile ndogo." Kikanunua vaisi ya inchi 3. Kwa baisikeli ilifanya kazi vizuri. Siku moja mtu akaleta mhimili wa mkokoteni uliopinda. Vijana wakaubana, ukateleza. Wakachukua kipande cha paipu, wakakivika kwenye mkono wa vaisi ili wapate nguvu zaidi. Wakakaza, wakaanza kupiga nyundo. Taya ikakatika pa! Vaisi ikawa imekufa.

Kikundi cha pili kilisema, "Sisi hatutaki aibu, tununue kubwa ya kudumu." Kikanunua ya inchi 8, yenye uzito wa zaidi ya kilo 30. Meza yao ilikuwa ya mbao laini na miguu myembamba. Kila mtu akipiga tupa, meza inacheza kama mlevi. Jioni hakuna aliyeweza kuibeba kuiingiza stoo, basi ikawa inalala nje na kijana mmoja analipwa kuilinda. Mapato ya karakana yakaishia kwa mlinzi.

Kikundi gani kilikosea? Vyote viwili. Cha kwanza kilipima mfuko wake, cha pili kikapima sifa. Hakuna kilichopima kazi.

INCHI ZA VAISI NI INCHI ZA NINI?

Watu wengi hudhani vaisi ya inchi 4 ni ile inayofunguka inchi 4. Sivyo. Hizo inchi ni upana wa taya, kutoka kushoto mpaka kulia. Ukitaka kuhakikisha, weka rula juu ya taya. Inchi 3 ni kama milimita 75, inchi 4 ni 100, inchi 5 ni 125, na inchi 6 ni 150.

Lakini kuna vipimo vingine viwili ambavyo havikuandikwa kwenye vaisi, na ni lazima mvipime wenyewe:

1. Mfunguko. Zungusha mkono mpaka taya zifunguke kabisa, halafu pima nafasi iliyo katikati. Mara nyingi mfunguko ni sawa na upana wa taya au unazidi kidogo. Kama mnataka kubana ubao wa inchi 4 kwa 2 kwa ule upande mpana, vaisi inayofunguka inchi 3 na nusu haitawasaidia.

2. Kina. Pima kutoka juu ya taya mpaka kwenye chuma cha chini kinachoteleza. Hiki ndicho kinaonyesha kitu kinaweza kuingia chini kiasi gani kabla ya kugonga. Vaisi mbili za inchi 4 zaweza kuwa na kina tofauti.

Halafu kuna uzito. Mkikuta vaisi mbili za upana mmoja, moja nyepesi na nyingine nzito, kwa kawaida ile nzito ina chuma kingi zaidi na itavumilia zaidi. Iinueni kwa mikono, msinunue kwa macho tu.

UKUBWA GANI KWA KAZI GANI?

Inchi 3: Ni ya kazi ndogo ndogo, kama kufuli, funguo, vyuma vidogo vya baisikeli na cherehani. Haifai kwa kupinda wala kupiga nyundo kwa nguvu.

Inchi 4: Hii ndiyo inafaa karakana nyingi za kijiji. Inabana jembe, panga, mipini, paipu ndogo za maji na vyuma vya pembe vya fremu za madirisha. Nyingi zina uzito wa karibu kilo 10, kwa hivyo mtu mmoja anaweza kuibeba.

Inchi 5: Ni ya karakana yenye kazi ya chuma kila siku, kama milango, vitanda vya chuma, wilbaro na jembe la ng'ombe. Inahitaji meza nzito zaidi.

Inchi 6 na kuendelea: Ni ya gereji na mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mikokoteni na vyuma vya trekta. Kama hamna kazi ya namna hiyo kila wiki, msiguse.

Angalizo kwa maseremala: Vaisi ya seremala ni chombo kingine. Taya zake ni pana, zinavikwa mbao, na hufungwa chini ya ubao wa meza ili zilingane na uso wa meza. Kama kazi yenu kubwa ni viti na makabati, tafuteni hiyo. Vaisi ya chuma itatia mbao zenu alama za meno.

FANYENI HESABU YENU WENYEWE

Msikubali mtu wa duka awaambie mnataka nini. Yeye hajui wateja wenu. Fanyeni hivi: fundi wa kikundi achukue daftari, na kwa wiki nne aandike kila kazi inayoletwa. Aandike ni kitu gani, unene wake ni inchi ngapi, na kama ilihitaji kupigwa nyundo. Kama bado hamjaanza karakana, nendeni mkakae kwa fundi wa sokoni siku mbili za soko, muhesabu zinazomfikia.

Tuseme daftari linaonyesha kazi 40:

Kunyoosha majembe na kutia mipini: 14
Kunoa na kurekebisha mapanga: 9
Baisikeli: 8
Kukata vyuma vya pembe na paipu: 6
Mihimili ya mikokoteni: 2
Jembe la ng'ombe: 1

Jumlisheni. Kazi 37 kati ya 40 zinaingia vizuri kwenye vaisi ya inchi 4. Ni kazi 3 tu zinazotaka kubwa. Sasa mjiulize: je, tununue vaisi kubwa kwa ajili ya kazi 3, au tununue ya inchi 4 na hizo 3 tuzipeleke kwa fundi wa mjini mwenye kubwa tumlipe? Kwa hesabu hii jibu liko wazi. Lakini kama daftari lenu linaonyesha mikokoteni 15, jibu linageuka. Ndiyo maana hatuwezi kuwaambia kutoka huku ofisini, "nunueni inchi fulani." Jibu liko kwenye daftari lenu.

UJANJA WA KUONGEZA TAYA

Kabla ya kusema "hii ni ndogo," jaribuni haya:

Kunoa panga refu. Panga likibanwa kwa inchi 4 tu, ncha inatetemeka na tupa inapiga kelele. Chukua vipande viwili vya ubao ngumu vyenye urefu kama wa panga, weka panga katikati, kisha bana vyote pamoja kwenye vaisi. Sasa panga limeshikwa urefu wote. Msumeno wa mbao nao hunolewa hivyo hivyo.

Kitu kidogo upande mmoja. Ukibana kitu pembeni mwa taya, taya inapinda na skrubu inaumia. Weka kipande kingine cha unene ule ule upande wa pili, ndipo ukaze.

Kitu kisichotaka kuumizwa. Taya zina meno. Kunja vipande viwili vya bati laini la alumini, kwa mfano kutoka sufuria kuukuu, vikae juu ya taya kama kofia. Mbao au ngozi nayo inafaa.

Paipu. Taya zilizonyooka hubana paipu sehemu mbili tu, na ukizidisha nguvu inabonyea. Vaisi nyingine zina taya ndogo za mviringo chini ya zile kubwa, ni za kubania paipu. Kama mradi wenu ni wa maji, ulizeni hizo. Na zile paipu za plastiki, kama za pampu ya Afridev zenye upana wa milimita 63, msizibane na chuma hata kidogo. Zikipata ufa huko chini ya kisima, ni kijiji kizima kinakosa maji.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Kuna vaisi mpya za dukani, kuna kuukuu, na kuna zile ambazo mafundi wa jua kali wanazitengeneza kwa kuchomelea vipande vya chuma. Zote zaweza kuwa nzuri, zote zaweza kuwa mbaya. Vaisi nyingi za dukani ni za chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa. Chuma hiki ni kigumu lakini hakipindi. Kikizidiwa kinakatika ghafla, na kukichomelea kirudi kama zamani ni kazi ngumu. Ile ya kuchomelewa ikikatika inaweza kuchomelewa tena, lakini mara nyingine taya zake hazikutani sawasawa.

Nendeni watu wawili, mmoja awe anajua ufundi. Kama hamna fundi, mwombeni mwalimu wa chuo cha ufundi kilicho karibu. Bebeni rula, karatasi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki. Mfanye haya:

1. Tafuteni ufa. Pakeni mafuta ya taa kwenye kiungo cha taya na kwenye kitako, ngojeni dakika chache, mpanguse mpaka pakauke, kisha msugue chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Rangi nzito isiwadanganye, nyingine imepakwa kuficha. Mwenye kuuza akikataa msikwaruze rangi hata kidogo, rudini nyumbani.

2. Fungeni taya polepole huku mkiangalia mwanga katikati. Wekeni kipande cha karatasi kila upande juu ya taya, mkaze, kisha mvute. Zote mbili zishikwe. Kama moja inatoka bure, taya zimepinda.

3. Fungueni mpaka nusu, mshike taya inayotembea mwitikise. Kucheza kidogo ni kawaida. Kama inacheza kama jino bovu, msinunue.

4. Zungusheni mkono mbele na nyuma. Ukizunguka sana kabla taya haijaanza kutembea, meno ya skrubu au nati yake yamelika.

5. Angalieni mkono wenyewe. Ukiwa umepinda, jueni mwenyewe wa kwanza alikuwa akivika paipu. Kagueni ufa mara ya pili.

MEZA NI NUSU YA VAISI

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Vaisi nzuri juu ya meza mbovu ni pesa iliyotupwa. Kwa hivyo msitumie pesa zote dukani. Katika bajeti wekeni mbao, bolti, nati na washa kubwa.

Uso wa meza uwe na unene wa inchi 2 au zaidi, wa mbao ngumu. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa. Kama karakana yenu ni kibanda chenye sakafu ya udongo, chimbieni miguu futi 2 kwenda chini, mshindilie mawe, na mpake oili chafu sehemu ya chini kwa sababu ya mchwa. Kikundi kisichoweza meza kinaweza kuanza na gogo moja nene lililochimbiwa hivyo hivyo, vaisi ikafungwa juu yake.

Vaisi ikae juu ya mguu wa meza, si katikati ambapo ubao unanesa. Taya ya ndani, ile isiyotembea, itokeze nje kidogo ya ukingo wa meza, ili kitu kirefu kiweze kushuka wima mpaka chini bila kugonga meza. Ifungwe kwa bolti zinazopita ubao mzima, zenye unene unaojaa tundu za kitako, na washa pana upande wa chini. Misumari haifai.

Na kimo je? Simama wima karibu na vaisi, kunja mkono, weka ngumi chini ya kidevu. Kiwiko chako kiguse juu ya taya. Hapo ndipo mtu anapiga tupa bila kuumwa mgongo. Tuseme kiwiko kiko sentimita 105 kutoka chini, na vaisi yenyewe ina kimo cha sentimita 16. Meza iwe sentimita 89. Kwa kuwa wanachama hawalingani, pimeni kwa mrefu anayefanya kazi mara nyingi, na wafupi wawekewe ubao wa kusimamia. Kumwinua mfupi ni rahisi kuliko kumkunja mrefu.

SHERIA ZA KARAKANA

Andikeni hizi kwenye ubao na mzitundike ukutani:

1. Kaza kwa mikono yako tu. Hakuna paipu, hakuna kupiga mkono wa vaisi na nyundo. Kama haishiki, kazi hiyo ni kubwa kuliko vaisi yetu.
2. Ukipiga nyundo, piga kuelekea taya ya ndani isiyotembea.
3. Usifulie chuma juu ya vaisi. Tumia fuawe, au kipande cha reli.
4. Chuma chekundu cha moto kisibanwe hapa.
5. Jioni futa unga wa chuma, tia oili kidogo kwenye skrubu. Usiache taya zimekazwa usiku, acha nafasi ndogo.
6. Ufunguo wa stoo uwe kwa mtu mmoja, na jina lake liandikwe kwenye daftari.

Tena, vaisi iingizwe kwenye orodha ya mali ya kikundi siku ile ile inaponunuliwa, pamoja na risiti. Pigeni alama ya kikundi kwenye kitako. Ugomvi mwingi wa vikundi huanza na chombo kisichojulikana ni cha nani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika ule mfano wa vikundi viwili, ni nani angeweza kusimama kwenye mkutano azuie kosa? Kwetu ni nani anaweza, na je, tutamsikiliza hata kama ni kijana?
2. Kazi gani tano zinaletwa kwetu mara nyingi? Kubwa kuliko zote ina unene wa inchi ngapi?
3. Tuna meza, au tuna ubao tu wenye miguu?
4. Mwanachama akitaka kutumia vaisi kwa kazi yake binafsi, atalipa kiasi gani, na pesa hizo zitaandikwa wapi?
5. Taya ikivunjika mkononi mwa mmoja wetu, tutafanya nini? Amueni sasa mkiwa na amani, si siku hiyo.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wekeni daftari la kazi kwa wiki nne. Tumeni watu wawili waulize bei kwa maduka matatu na kwa fundi mmoja wa jua kali, kila bei iandikwe pamoja na upana wa taya, mfunguko na kina. Leteni karatasi hizo mkutanoni, zisomwe mbele ya wote, halafu mpige kura. Mkifanya hivyo, hata yule mama ambaye hajawahi kushika tupa atajua pesa zake zinakwenda kununua nini, na kwa nini ni inchi 4 wala si 8.